Kuingia Maabara Kabla ya Kuomba MD-PhD: Unachotakiwa Kutoka Nacho

Kila mwaka, kuanzia Aprili hivi, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wanaojiandaa kuomba mafunzo ya udaktari na utafiti hapa Marekani. Swali huwa lile lile: "Dada, hizi saa nilizonazo za utafiti zinatosha?" Nimesimamia maabara katika chuo cha udaktari kwa miaka mingi. Nimewafundisha wanafunzi kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika kidogo kidogo, nimesoma rasimu za insha zao, na nimekuwa miongoni mwa wanaowasaili waombaji. Jibu langu halijabadilika. Saa zitahesabiwa, sawa, lakini anayesoma maombi yako anatafuta jambo lingine: huyu kijana amewahi kuwa na swali lake mwenyewe? Amelifuatilia mpaka likamshinda, akarudi kuliuliza kwa njia nyingine? Nimeona mwombaji aliyepita maabara nne akikosa la kusema, na aliyekaa maabara moja akizungumza mpaka muda wa usaili ukaisha bila sisi kutambua.

Kwa hiyo haya ninayoandika yanahusu namna ya kulipata swali hilo, kuanzia siku unapotafuta maabara hadi siku unapoomba barua za mapendekezo.

Unachoomba hasa

MD-PhD ni mafunzo ya shahada mbili kwa pamoja, ya udaktari wa binadamu na ya uzamivu. Kwa kawaida huchukua miaka 7 hadi 9. Mpangilio uliozoeleka ni miaka 2 ya masomo ya udaktari, kisha miaka 3 hadi 5 ya uzamivu maabara, kisha unarudi wodini kumalizia. Serikali ya Marekani, kupitia Taasisi za Taifa za Afya zinazojulikana kama NIH, ilianza kuyafadhili mwaka 1964 kwa mpango unaoitwa MSTP. Programu nyingi, ziwe na fedha za MSTP au zisiwe nazo, hulipa ada na kumpa mwanafunzi posho ya kuishi.

Ukiyaelewa hayo utaelewa kwa nini wanauliza sana habari za utafiti. Chuo kinakubali kukulea kwa muda wa karibu muongo mmoja. Miaka ya uzamivu ndiyo inayowavunja watu moyo: wenzako mliofungua nao vitabu vya anatomia wanahitimu na kuitwa madaktari, wewe bado unarudia jaribio ambalo halijatoa jibu tangu masika. Kamati inataka ushahidi kwamba umeshaonja hali hiyo na bado unaitaka kazi.

Suala la uraia litazame mapema. Fedha za mafunzo za NIH hazimlipii mtu asiye raia au mkaazi wa kudumu, na kwa sababu hiyo programu kadhaa hazipokei kabisa wanafunzi wa kimataifa. Nyingine hupokea wachache kwa fedha zao wenyewe. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, tengeneza orodha ya zinazopokea kabla hujalipa ada ya maombi hata moja.

Swali zuri linafananaje

Wanafunzi wangu wapya huwa nawapa kisa cha Michael Brown na Joseph Goldstein, madaktari wawili waliofanya kazi pamoja Dallas. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na swali lililotoka kwa wagonjwa: kwa nini watoto wenye ugonjwa fulani wa kurithi wana kolesteroli nyingi mno kwenye damu, kiasi cha kupata mshtuko wa moyo wakiwa wadogo? Walichukua seli za ngozi za wagonjwa na za watu wenye afya, wakazikuza kwenye sahani za maabara. Seli za wenye afya, zikipewa kolesteroli ya LDL (chembe zinazoisafirisha kolesteroli kwenye damu) kutoka nje, zilipunguza kutengeneza ya kwao. Seli za wagonjwa ziliendelea kutengeneza kana kwamba hazikupewa kitu. Tofauti hiyo iliwafikisha kwenye kipokezi cha LDL, kilicho juu ya seli, ambacho kwa wagonjwa wale kilikuwa kimeharibika au hakipo. Mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobel.

Sikisimulii ili kukutisha na Nobel. Angalia jinsi jaribio lenyewe linavyoelezeka: aina mbili za seli, kitu kimoja kilichoongezwa, matokeo mawili tofauti, na kila tokeo lina maana yake. Ukifika mahali ambapo kazi yako mwenyewe unaweza kuieleza hivyo kwa mtu asiye wa fani yako, umepata ninachokizungumzia.

Kuipata maabara

Anza na chuo ulichopo. Huhitaji chuo kikubwa chenye jina. Ukiwa chuo kidogo, profesa wako wa kemia mwenye wanafunzi wawili anaweza kukufundisha mengi kuliko maabara yenye watafiti thelathini ambako hakuna anayejua jina lako. Pitia kurasa za idara, chagua watu sita au saba, kisha kwa kila mmoja soma angalau makala moja ya karibuni hadi mwisho. Hutaielewa yote, na hakuna anayekutegemea uielewe. Tafuta mchoro mmoja unaokuachia swali.

Kuna hazina ya wazi mtandaoni ya NIH inayoitwa RePORTER. Andika jina la profesa, utaona kama ana ruzuku ya NIH, inahusu nini, na inaisha lini. Hilo ni la maana kwako. Maabara ambayo fedha yake inakwisha baada ya miezi michache huenda ikafungwa kabla hujamaliza mradi, ingawa wapo wenye ruzuku za vyanzo vingine ambazo hazionekani pale, kwa hiyo ukikutana naye muulize kwa adabu.

Halafu andika barua pepe. Hapa ndipo vijana wengi wanajikwaa kwa kutuma barua ile ile kwa maprofesa hamsini: "Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na ninapenda sana utafiti wenu." Barua hiyo hufutwa. Barua inayojibiwa, ukiitoa kwa Kiswahili, huwa namna hii:

"Profesa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia. Nimesoma makala yenu ya mwaka jana kuhusu seli za ini zinapokosa oksijeni. Katika mchoro wa tatu, seli zilizonyimwa oksijeni kwa saa 6 zilirudi katika hali yake, lakini za saa 24 hazikurudi. Nimebaki najiuliza kinachotokea katikati. Nina saa 12 kwa wiki, Jumanne na Alhamisi mchana na Ijumaa kutwa, na ninatafuta mahali pa kukaa kwa miaka miwili. Ninaweza kuja kuwaona kwa dakika 15?"

Barua ni fupi. Ina jambo moja alilolisoma kweli, ina ratiba, na ina ahadi ya muda. Mimi nikipokea barua ya hivyo najua mwandishi wake atakuja na daftari. Usipojibiwa baada ya wiki moja na nusu, kumbushia mara moja, kisha songa mbele bila kinyongo. Maprofesa hupokea barua nyingi kuliko wanavyoweza kusoma.

Ukiitwa, swali la kwanza kuuliza ni hili: "Nani atakuwa ananifundisha siku kwa siku?" Mara chache atakuwa profesa mwenyewe. Atakuwa mwanafunzi wa uzamivu, mtafiti aliyemaliza uzamivu karibuni, au fundi wa maabara. Omba kukutana naye, kwa sababu ndiye utakayekaa naye bega kwa bega, na ndiye atakayejua kama unajua kufikiri. Kisha uliza kama wanafunzi wa shahada ya kwanza waliopita pale walikuwa na miradi yao au walikuwa wanaandaa vimiminika tu, na walikwenda wapi baadaye. Profesa mzuri hujibu haya kwa furaha.

Na pesa. Wengi wenu mnafanya kazi. Wapo wanaotoka zamu ya usiku ya kuhudumia wagonjwa wakaja darasani asubuhi. Usione haya kusema, "Ningependa nafasi yenye malipo." Kama unapata msaada wa serikali wa kazi za wanafunzi, mara nyingi malipo yako katika maabara yanaweza kupitia huko, na profesa anapunguziwa mzigo. Ofisi ya utafiti wa wanafunzi ya chuo huwa na ruzuku ndogo ndogo ambazo wengi hawaziombi. Kufanya utafiti kwa ajili ya alama za kozi zinazohesabiwa kwenye shahada nako kunafaa, ila hakikisha kwanza kwamba hulipii ada ya ziada kwa alama hizo.

Ndani ya maabara

Miezi ya mwanzo utakuwa unajifunza kwa mikono, na ni sawa. Utaandaa jeli, utalisha seli, utaweka lebo kwenye mirija mpaka vidole viume. Fanya kazi hizo kwa uangalifu kamili, maana ndizo zinazomfanya mtu akuamini na jambo kubwa zaidi. Lakini tangu siku ya kwanza jiwekee desturi moja: usifanye jaribio ambalo huwezi kusema linajibu swali gani. Kama hujui, muulize anayekufundisha, "Matokeo yakiwa hivi tutasema nini? Yakiwa vile je?" Mwenye subira atakueleza. Asiye na subira pia atakueleza, ila ukimuuliza wakati wa chai.

Daftari la maabara ni maisha yako. Tarehe, lengo kwa sentensi moja, ulichotumia pamoja na namba ya kundi la kitendanishi iliyobandikwa kwenye chupa, ulichobadilisha, ulichokiona, na unachodhani kinamaanisha. Hicho cha mwisho ndicho wanafunzi huruka. Andika hata kama unadhani utakuwa umekosea; miaka miwili baadaye, ukikaa kuandika insha, utasoma mawazo yako ya zamani na kuona yalivyokua.

Nieleze jambo moja kwa karibu, kwa sababu ndilo ninalolikumbuka kila ninapoulizwa "uzoefu" ni nini. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa anapima kama dawa fulani inaizima jeni inayochochea uvimbe mwilini wakati wa maambukizi. Alitumia PCR ya kupima wingi, kwenye sahani yenye vishimo 96. Mashine hunakili DNA mzunguko baada ya mzunguko, wingi wake ukiongezeka karibu mara mbili kila mzunguko, na kishimo huwaka mapema kama kilichomo ni kingi. Katika vishimo kadhaa huwekwa maji matupu mahali pa sampuli. Hivyo havitakiwi kuwaka. Sampuli zake zisizopewa dawa ziliwaka kwenye mzunguko wa 22, zilizopewa dawa ziliwaka kwenye wa 31. Tofauti ya mizunguko 9 ni zaidi ya mara 500. Matokeo mazuri sana, na mwenzake alishampongeza.

Yeye akaangalia maji. Maji nayo yaliwaka kwenye mzunguko wa 31.

Angeweza kunyamaza, na wapo ambao wangemwambia kwamba maji kuwaka kwa kuchelewa namna ile si neno. Na kweli, kwa sampuli zinazowaka kwenye mzunguko wa 22 si neno, kwa kuwa uchafu ule ni tone tu ndani ya wingi ule. Lakini zile zilizopewa dawa zilikuwa zinawaka sawasawa na maji. Maana yake hakujua kama anapima jeni au anapima uchafu. Alianza kwa kutazama joto ambalo kipande kilichonakiliwa kinayeyukia, ili ajue kama kinachowaka kwenye maji ni praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe au ni kipande chenyewe cha jeni. Kilikuwa cha jeni. Akabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: maji mapya, mchanganyiko mpya, ncha mpya za pipeti, mwisho praima mpya. Kwenye praima mpya maji hayakuwaka tena. Mrija wa zamani, uliokuwa unatumiwa na watu kadhaa, ndio uliokuwa umechafuka. Alirudia sampuli zake zote, na zile zenye dawa zikachelewa kuwaka zaidi ya hapo. Dawa ilikuwa inaizima jeni kuliko alivyodhani mara ya kwanza.

Kazi yote hiyo ilichukua wiki kadhaa na haikuzaa mchoro hata mmoja wa makala. Lakini aliposailiwa, akaulizwa aeleze wakati ambapo matokeo yalimtia shaka, alisimama ubaoni akachora sahani ile na kuieleza hatua kwa hatua. Yuko mwaka wa tatu wa uzamivu sasa.

Ukishaielewa kazi ya mwenzako vizuri, omba kipande chako. Si lazima kiwe kikubwa. "Tumeona dawa inafanya kazi kwa saa 24, naweza kupima saa 2, 6 na 12?" ni mradi. Andika ukurasa mmoja: swali, unachotarajia, utakachofanya, sampuli za ulinganisho, na matokeo gani yatakuonyesha kwamba umekosea. Mpelekee anayekusimamia. Ukurasa huo mmoja umebadilisha namna watu wanavyomtazama mwanafunzi mara nyingi kuliko alama yoyote ya mtihani.

Hudhuria vikao vya maabara hata kama huongei, na vile vya kusoma makala pamoja. Jitolee kuwasilisha. Ukipata nafasi ya kupeleka bango kwenye mkutano wa wanafunzi wa chuo, ichukue, kwa kuwa kusimama mbele ya bango saa mbili ukiulizwa na wageni ni mazoezi ya usaili bila woga wa usaili.

Lazima iwe pipeti?

Hapana. Utafiti wa takwimu za wagonjwa, wa epidemiolojia, wa kuandika programu za kuchambua picha za ubongo au mfuatano wa DNA, wote unakubalika, na lugha za kompyuta kama R au Python zitakufaa popote uendapo. Kinachotazamwa ni kama kuna swali, kuna njia ya kulijibu, na wewe ulishiriki kuifikiria njia hiyo. Hapa naomba niseme wazi: kupiga simu kwa wagonjwa kuwaalika kwenye utafiti, au kujaza fomu za daktari mtafiti, ni kazi ya heshima, lakini peke yake haitoshi kwa MD-PhD. Kama ndiyo uliyopata, omba ruhusa ya kuchambua sehemu ya data chini ya kibali cha bodi ya maadili, na uulize swali lako humo. Data ya wagonjwa haitoki kwenye kompyuta iliyoruhusiwa. Haitumwi kwa barua pepe binafsi, haipigwi picha kwa simu.

Kumfuata daktari wodini na kliniki nako utahitaji, maana unaomba kuwa daktari pia. Usikuchanganye na utafiti kwenye fomu. Ni vitu viwili, na watauliza vyote viwili.

Kiangazi, na mwaka au miwili baada ya shahada

Wakati wa masomo saa 10 hadi 15 kwa wiki zinatosha kama hazikatikikatiki. Kiangazi ndicho kinachokupa nafasi ya kukaa na jaribio kutwa nzima. Vyuo vingi vyenye MD-PhD vina programu za kiangazi za wiki 8 hadi 10 zenye posho, na baadhi hutoa nyumba. Mfuko wa Taifa wa Sayansi, NSF, hufadhili programu zinazoitwa REU, ambazo ni za raia na wakaazi wa kudumu. NIH yenyewe ina programu ya kiangazi, kituo chake kikuu kikiwa Bethesda, na kuna programu ya Amgen Scholars katika vyuo kadhaa. Mengi ya maombi haya hufungwa kati ya Desemba na Machi, kwa hiyo anayeanza kutafuta Mei amechelewa. Angalia pia kama programu unayoitaka imefunguliwa mwaka huo, maana bajeti za serikali hubadilika.

Kwenda mahali pengine kiangazi kimoja kunakuongezea mbinu na mtu wa pili wa kukuandikia barua. Kuhamahama kila kiangazi, hapana. Mwenye maabara yake nyumbani inayomwamini, mimi humshauri abaki pale angalau kiangazi kimoja, kwa sababu wiki kumi mfululizo kwenye mradi unaoujua huzaa zaidi ya wiki kumi za kujifunza friza iko wapi.

Wengi wanaoingia MD-PhD siku hizi wamefanya kazi mwaka mmoja au miwili baada ya shahada ya kwanza. Hakuna aibu humo hata kidogo. Kama ulianza utafiti ukiwa mwaka wa mwisho, au ulihamia kutoka chuo cha jamii, miaka hiyo ndiyo itakayokupa kina. Unaweza kuajiriwa kama fundi wa utafiti maabara yoyote ya chuo cha udaktari, au kuomba nafasi za waliomaliza shahada ya kwanza kule NIH, ambazo hulipa posho. Unapoomba kazi ya ufundi sema wazi kwamba unalenga MD-PhD na ungependa, pamoja na majukumu ya kawaida, uwe na mradi wako. Bosi anayekataa hilo kwenye usaili wa kazi amekupunguzia miaka miwili ya kusikitika.

Na ikiwa tayari umo kwenye maabara mbaya? Namaanisha mahali ambapo umekaa muda wa kutosha, umeomba mradi zaidi ya mara moja, na bado huna anayekufundisha wala swali. Ondoka kwa ustaarabu. Maliza ulichoshika, andika maelekezo ya kazi yako ili anayekuja asihangaike, toa taarifa ya mwezi mmoja, shukuru. Ukiona mtu anarekebisha picha au anafuta namba zisizompendeza, hiyo ni habari nyingine: usiweke mkono wako humo, tunza daftari lako, na uzungumze na ofisi ya uadilifu wa utafiti ya chuo.

Kuiandika kazi yako

Maombi mengi hupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa mtandaoni wa kuomba vyuo vya udaktari Marekani. Mwombaji wa MD-PhD huandika insha tatu: ile ya kawaida ya udaktari yenye herufi 5,300, ya kueleza kwa nini unataka shahada zote mbili yenye herufi 3,000, na ya uzoefu wa utafiti yenye herufi 10,000, zote zikihesabiwa pamoja na nafasi kati ya maneno. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyokuwa nakuandalia muda wote huu.

Kwa kila maabara, eleza pengo la ujuzi lililokuwepo, swali, ulichofanya wewe kwa mikono au kichwa chako, kilichoonekana, na ungefanya nini kinachofuata. Tofautisha "mimi" na "sisi" kwa uaminifu. Wasaili wengi ni watafiti. Ukisema "nilibuni jaribio" watakuuliza kwa nini ulichagua kipimo kile na si kingine, na ndani ya dakika mbili watajua. Kazi ndogo ukiieleza kwa usahihi inang'aa. Orodha ya mbinu kumi na tano isiyo na swali hata moja inachosha kusoma, na nimezisoma nyingi.

Usijinyime usingizi kwa kukosa makala yenye jina lako. Kuchapishwa si sharti, na wanafunzi wengi wazuri huingia bila makala yoyote, kwa sababu makala hutegemea mambo yasiyo mikononi mwa mwanafunzi. Ukiwa nayo, ijue kuanzia ikisiri hadi mchoro wa mwisho, hata sehemu ambazo hukuzifanya.

Barua

Programu nyingi hutaka barua ya mapendekezo kutoka kwa kila msimamizi mkuu wa maabara uliyofanya utafiti wa maana, kwa hiyo huwezi kuruka mmoja kimyakimya. Fomu hutumwa kuanzia mwisho wa Mei au Juni, mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo. Omba barua Machi au Aprili. Kama aliyekufundisha kila siku ni mtafiti wa chini ya profesa, waombe waiandike pamoja na wote wawili watie sahihi; mmoja anakujua, mwingine ana jina linalotambulika.

Uliza hivi: "Profesa, unaona unaweza kuniandikia barua ya kuniunga mkono kwa nguvu kwa ajili ya MD-PhD?" Akikubali, mpe rasimu ya insha yako ya utafiti, wasifu wako, tarehe za mwisho, na ukurasa mmoja wenye mambo matatu au manne uliyoyafanya ambayo huenda ameyasahau. Mkumbushe wiki mbili kabla. Akisitasita, usimlazimishe. Muulize ni jambo gani lingemfanya akuandikie kwa moyo wote, na kama muda unaruhusu, lifanyie kazi. Kama hauruhusu, wasiliana na ofisi ya programu unayoomba kabla ya kutuma, uwaeleze hali ilivyo, maana kukosekana kwa barua ya mtu uliyefanya naye kazi miaka miwili ni jambo watakaloliona mara moja na kukuuliza.